Mkwe Aliyefundisha Dirishani

Mwalimu Kisimba tulimzika Jumamosi iliyopita, na tangu siku hiyo Kamina nzima imegundua kwamba alikuwa mtu mwema. Nilikaa matangani kwenye kiti cha plastiki nikiwasikiliza wanafunzi wake wa zamani, watu wazima wenye vitambi na miwani, wakipokezana kipaza sauti na kumlilia. Mmoja alisema marehemu ndiye aliyemfundisha kufikiri. Nimekaa darasa moja na bwana huyo, na naweza kuapa kwamba kazi hiyo bado haijafanywa na mtu yeyote. Mwingine alimwita baba wa hesabu za Kamina, watu wakaitikia kama kanisani. Kisha mtoto mkubwa wa marehemu akanijia, akanishika mkono. "Mama, na weye useme maneno kidogo. Baba alikuwa anasemaka kama weye njo matunda yake." Eti mimi ndiye matunda yake! Nikamwambia koo linaniuma. Kumsema maiti vibaya ni aibu, na kumsifu maiti huyu kwangu ni aibu kubwa zaidi, basi nikanyamaza, nikala wali wao, nikarudi nyumbani kuandika haya.

Mwaka ninaoukumbuka ni ule wa mwisho wa sekondari. Darasa letu lilikuwa chumba cha matofali chenye paa la bati, mlango mmoja tu mbele kando ya ubao, na nyuma dirisha pana lisilo na kioo. Mvua ikinyesha hatukusikiana. Treni ikipita, na siku zile treni ilikuwa adimu kuliko mvua, wote tuligeuza shingo. Wasichana tulikuwa wawili, mimi na Kabange, binti wa mfanyakazi wa reli, na tulikaa benchi moja. Mwalimu Kisimba alikuwa amefiwa na mke, akaachiwa watoto watatu. Alivaa tai hata jua likiwa kali, na alitembea na mkoba mkubwa wa ngozi ambao Kabange aliwahi kuuchungulia akakuta muhindi wa kuchoma, basi. Mwaka ule alitushikilia kwa maswali ya kazi ya pamoja, kwa kuwa tuliambiwa mtihani wa serikali haukosi kuyauliza. Fulani analima shamba peke yake kwa siku sita, mwenzake kwa siku tatu. Wakilima pamoja, watamaliza lini? Mwalimu hakueleza kitu. Alituagiza tuzidishe siku za huyu kwa siku za yule, halafu tugawe kwa jumla yao: kumi na nane kwa tisa, siku mbili. "Produit sur somme!" alipiga ubao kwa rula, na sisi tukaimba nyuma yake kama litania ya watakatifu. Ukimuuliza kwa nini, alikujibu, "Juu ya nini ni swali ya mutoto mudogo."

Jibu lenyewe lilikuwa sahihi, sikatai. Kasuku naye akifundishwa kusema habari za asubuhi huisema sawasawa, ila asubuhi yenyewe haijui. Mimi nimefundisha hesabu maisha yangu yote, nimewaona walimu wa namna hiyo katika kila shule niliyopita, na nimejifunza kuwatambua kabla hawajafungua kinywa. Huwa wanaogopa swali kuliko nyoka. Wana kanuni moja waliyopewa na mtu mwingine aliyepewa na mwingine, na wanaishika mkononi kama mtu anayevuka giza na mshumaa mmoja, hathubutu hata kupumua. Siwachukii wote. Wengine ni maskini wa akili tu, na umaskini si dhambi. Kisimba nilimdharau kwa sababu nyingine, na sababu hiyo niliisikia kwa masikio yangu nikiwa jikoni.

Jiko la mama lilikuwa banda lililoegemea ukuta wa sebule, na ukuta ule ulikuwa na ufa. Jumapili moja mchana, baada ya misa, nilikuwa nachambua matembele, na ndani walikaa Mwalimu na baba mdogo Banza, mdogo wa marehemu baba yangu, mwenye kauli ya mwisho nyumbani kwetu. Nilidhani wanazungumza habari za parokia. Kumbe walikuwa wananizungumzia mimi.

"Mwalimu, minyi sina ubaya," baba mdogo alisema. "Lakini mama yake anataka mutoto aende Lubumbashi kusoma."

"Baba, tuache examen iseme. Kama anapita, aende. Kama anaanguka, minyi namuoa. Iko juste, ao haiko juste?"

"Iko juste. Kidole kimoya haiuwake chawa. Na batoto bako batatu beko na lazima ya mama."

Wakacheka, wakagonganisha vikombe. Hebu itazame haki hiyo. Mtu aliyekuwa ananifundisha somo linaloangusha wengi ndiye huyohuyo atakayefaidika nikianguka, na baba mdogo, aliyependa kuitwa mzee wa busara, hakuona kasoro. Hakutaka mke, Kisimba. Alitaka mikono ya kufulia, kupikia na kuchotea maji, na akaona njia rahisi ya kuipata. Kuanzia wiki ile, kila tulipofika kwenye kazi ya pamoja, alinitoa darasani. "Numbi, enda uangalie batoto kule nyumba." "Numbi, maji imeisha." Niliporudi ubao ulikuwa umefutwa, na wavulana walinitazama kwa huruma ya kijinga, kama watu wanaomtazama bibi harusi.

Nilimweleza mama jioni moja, akiwa anasonga bukari, ugali wetu. Hakuacha kusonga.

"Amesema anataka kukuoa?"

"Ndiyo, mama."

"Amesema na kinywa yake?"

"Na kinywa yake."

"Basi, alete mbuzi."

Nililia mpaka nikashindwa kula. Nilifikiri mama ameniuza. Baba mdogo alifurahi, akapeleka habari mbio, na siku chache baadaye Mwalimu alileta mbuzi jike na kitambaa cha kufungulia mlango wa posa. Mama alipokea kwa magoti, macho chini, kitenge kimefunika nusu ya uso. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichosema ni kwamba mbuzi yule asichinjwe na mtu.

Wasiotoka huku inabidi niwaambie. Kwetu, mwanamume akishapeleka kitu kwa wazazi wa msichana, kati yake na mama wa msichana ukuta umesimama. Hamtazami usoni. Hapiti karibu naye njiani. Hali chakula mbele yake, wala hawasemezani ila kupitia mtu wa tatu. Hiyo ndiyo buko, heshima ya ukwe. Anayeivunja amejitia aibu, na ukwe wenyewe umekufa. Wasomi wa siku hizi wanaicheka. Mimi sitaicheka kamwe, kwani Jumatatu iliyofuata mama alibeba kigoda chake na ungo wa karanga, akaja shuleni, akaketi kwenye kizingiti cha darasa letu, akaanza kumenya.

Mwalimu alikuja na mkoba wake, tai imenyooka. Alipomwona aliruka nyuma ya choo cha wavulana kama mwizi aliyesikia mbwa. Tulimngojea. Akachungulia, mama yupo. Akazunguka, mama yupo. Akaenda kwa mkuu wa shule kuomba msaada, na Kabange, aliyetumwa ofisini kuchukua chaki, alituletea jibu la mkuu kama lilivyo: "Mwalimu, unataka minyi nifukuze buko yako? Bantu batasema nini?" Basi ikabidi baba wa hesabu za Kamina afundishe kupitia dirisha la nyuma. Tuligeuza mabenchi. Yeye alisimama nje, kifua kimeegemea tofali, akasema yaliyopaswa kuandikwa, na Kabange akayaandika ubaoni upande wa pili. Wiki ya kwanza alidhani mama atachoka. Mama hakuchoka, karanga zilipokwisha alileta maharage.

Mvua zilipoanza, alifundisha chini ya mwavuli wa maua wa marehemu mkewe. Namwona hadi leo, amelowa mpaka magotini, anapiga kelele za produit sur somme kushinda bati, na maji yanamchuruzika kwenye tai. Watu wananiambia nilipaswa kumwonea huruma. Mtu aliyetega mtego akanasa mguu wake mwenyewe, huruma yake iko wapi? Na faida niliiona tangu siku ya kwanza: hakuweza tena kunitoa. Akianza tu, "Numbi, enda kule nyumba," mama aliziuliza karanga zake kwa sauti ya kusikika, "Kalanga, ule muntu anasema nini ku mutoto?" na Mwalimu akameza maneno. Akieleza haraka haraka akiwaelekea wavulana, mama alisema, "Kalanga, umuambie arudilie. Batoto banamuke habakusikia." Naye akarudia. Mama hakuwahi kukanyaga shule, wala hesabu zile hazikumpendeza. Njiani kurudi nyumbani aliniuliza shamba hilo la kila siku ni la nani, na kama mwenye shamba hajui kuwa watu wanalipigia kelele.

Siku moja Mwalimu alitaka kujionyesha. Akaleta swali la watu watatu. Wa kwanza anamaliza shamba peke yake kwa siku mbili, wa pili kwa siku tatu, wa tatu kwa siku sita. Wote pamoja? Kanuni yake ilikuwa ya watu wawili, naye hakulijua hilo, kwa sababu aliyempa kanuni hakumwambia. Kutoka dirishani akaamuru: mbili mara tatu mara sita, thelathini na sita, jumla, kumi na moja, gawa. Kabange akaandika jibu: siku tatu na kitu. Wavulana wakanakili. Niliitazama ile tatu na kitu, na kitu kikaninyanyua kwenye benchi.

"Mwalimu, wa kwanza iko peke yake, anamaliza siku mbili. Sasa bamemusaidia bantu babili, anamaliza siku tatu na kitu. Bale babili balikuya kufanya nini?"

Darasa likapasuka kwa kicheko. Kule mlangoni mama akasema polepole, "Kalanga, mutoto anangojea jibu."

Mwalimu alikohoa. Alipangusa miwani kwa tai yake iliyolowa, akaivaa, akaivua. "Bantu bakikuwa batatu," alisema mwishowe, "banasemasemaka. Kazi inachelewa."

Na wavulana wale, hawa wenye vitambi wa matangani, waliandika hata hilo.

Nilikwenda ubaoni bila kuitwa. Niliwaambia tusimuulize mtu atamaliza lini, tumuulize kwa siku moja amelima sehemu gani ya shamba. Wa kwanza anamaliza kwa siku mbili, kwa hiyo siku moja amelima nusu. Wa pili, theluthi. Wa tatu, sudusi. Nusu na theluthi ni sudusi tano, ongeza ile ya mwisho, zimetimia sita: shamba lote. Siku moja. Jioni wanarudi nyumbani wote watatu. Kisha nikaonyesha kwamba hata ile kanuni ya produit sur somme inatoka humohumo, ukijumlisha sehemu mbili za siku moja na kuzigeuza juu chini. Nimesifiwa sana baadaye kwa akili, na nimeacha kubishana, lakini ukweli ni kwamba sikuwa na akili kuwashinda wenzangu. Nilikuwa na dharau kuwashinda. Anayemheshimu mwalimu hunakili anachosema. Mimi heshima hiyo sikuwa nayo, ikanibidi nihesabu mwenyewe. Kabange alinishika mkono niliporudi kwenye benchi, na mkono wake ulikuwa umejaa chaki.

"Ni coïncidence," Mwalimu alisema kutoka dirishani, akafunga mwavuli, akaenda zake kabla ya kengele. Wiki iliyofuata alirudi na kutufundisha, kwa uso mkavu kabisa, njia mpya aliyoifikiria nyumbani: tuangalie sehemu ya kazi kwa siku moja. Akaiita méthode Kisimba. Aliwafundisha watu njia hiyo miaka yote mpaka akastaafu, na Jumamosi mtu mmoja aliisifu kwenye kipaza sauti akilia machozi kweli. Kabange, aliyekaa karibu nami, alinikanyaga mguu ili nisicheke.

Baba mdogo alipata habari. Alimwambia mama aache kwenda shuleni, anawaaibisha. Mama akajibu kwamba yeye anakaa tu akimenya karanga zake, hajamtazama mkwe wake usoni hata mara moja, hajamtamkia neno. Kama kuna mtu aliyekosa adabu amwonyeshe. Baba mdogo akatafuta, hakumwona.

Mtihani ulikuja. Katika maswali kulikuwa na tanki: bomba moja linalijaza kwa saa nne, lingine kwa saa sita, na chini kuna tundu linaloweza kumwaga maji yote kwa saa kumi na mbili. Vyote vikiwa wazi, litajaa lini? Robo, ongeza sudusi, toa moja ya kumi na mbili. Inabaki theluthi: saa tatu. Tundu lile nililitoa kwa furaha isiyo ya Kikristo. Nilijua kuna watu ambao ukiwaweka kwenye kazi ya pamoja, lazima uwaandikie alama ya kutoa. Matokeo yalisomwa redioni, tukayasikiliza uani kwa kina Kabange, kwenye kambi ya reli, majirani wamejazana hadi kwenye ngazi. Mtangazaji alilitamka jina langu vibaya, lakini lilikuwa langu. La Kabange pia. Mama yake alitumwagia unga kichwani, kama afanyiwavyo kwetu aliyefaulu, tukakimbia barabarani tukiwa weupe, tukipiga kelele kama wehu.

Nilidhani yamekwisha. Jumapili ile Mwalimu alikuja tena na baba mdogo, tai mpya, wakaketi sebuleni. Mimi nilikuwa jikoni na mama, ambaye tangu asubuhi alikuwa anapika samaki mkubwa wa Bukama kwa nyanya na vitunguu, hakuniambia ni wa nani.

"Amepita, ni kweli," baba mdogo alisema upande wa pili wa ufa. "Lakini nani alimufundisha? Matunda ni ya mwenye kupanda. Lubumbashi inaweza kungojea."

"Njo vile, baba. Na sasa iko na diplôme, tutafundisha babili. Kazi itaenda mbio."

Nilikaa chini kwenye majivu. Ahadi yao ya examen, juste yao waliyoigonganishia vikombe, walikuwa wameila wenyewe bila hata kuitafuna, na neno la baba mdogo likishatoka hakukuwa na wa kulirudisha. Nilimtazama mama nikitaka alie pamoja nami. Yeye alipakua samaki mzima kwenye sahani kubwa, akapakua bukari, akafungua kitenge alichojifunikia kichwani, akakitundika msumarini. Akaingia sebuleni uso wazi. Mimi nikaweka jicho kwenye ufa.

Alisimama mbele ya Mwalimu, karibu kabisa, akamtazama machoni.

"Kisimba, jambo."

Baba mdogo aliruka kama kiti kimemuunguza. "Bibi! Unafanya nini?"

"Nasalimia mwalimu ya mutoto. Amefanya kazi. Mbuzi yake iko inje, kitambaa iko juu ya mugongo yake, ataenda nabyo." Akaweka bukari mezani, akaweka samaki, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na mtu yule. Akanawa mikono katika beseni, halafu akamsogezea beseni lilelile. "Kisimba, kuya tukule."

Baba mdogo alishika kichwa kwa mikono miwili. Alichukua kofia yake, akatoka bila kuaga, maana mzee wa busara hawezi kuonekana mahali pa namna ile. Mwalimu alibaki. Alitazama mlango, akamtazama mama, akatazama samaki. Angekimbia dakika ile angebaki mkwe mwenye adabu aliyetukanwa, ukoo wote ungekuwa upande wake, na leo mimi ndiye ningekuwa mjane. Akila, ukwe umekufa kwa mkono wake mwenyewe. Nilishika ukuta kwa kucha. Mvuke ulikuwa unapanda kutoka kwenye sahani, na mtu yule alikuwa akila mapishi yake mwenyewe tangu afiwe. Akakunja mikono ya shati. Akanawa. Alimega tonge, akalichovya kwenye mchuzi, akala mbele ya mama yangu bila haraka, na alipofika kwenye kichwa cha samaki aliomba aongezewe bukari, mama akamwongezea.